Nataka kuwa yogi, mke wangu anadai runinga yake

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nina mke na watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu na mdogo chekechea. Ni mhasibu katika kampuni ya uwakala wa forodha, na kazi yangu ni kukaa: nakaa kwenye daladala, nakaa ofisini, nakaa tena kwenye foleni ya kurudi nyumbani. Miaka mitatu iliyopita mgongo ulinigomea kabisa. Dawa za maumivu zikawa hazifui dafu, ndipo mtaalamu wa viungo akanishauri nijaribu yoga. Nikaanza na video za YouTube, baadaye nikapata darasa la Jumamosi Upanga.

Shangazi, yale mazoezi yalinirudishia uhai. Mgongo ulipona, usingizi ukarudi, hasira zikapungua. Nikaanza kusoma: Patanjali, yule mwandishi wa kale wa misingi ya yoga; Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Kihindu; habari za mayogi wa Himalaya, yaani watu walioifanya yoga kuwa maisha yao. Nikaona kumbe hii ni namna nzima ya kuishi, nami nikaamua kuishi hivyo.

Siku hizi naamka saa kumi alfajiri. Pumzi, mikao, kisha kutafakari hadi saa kumi na mbili na nusu. Nimeacha nyama, samaki, hata dagaa. Vitunguu pia nimeacha. Runinga nimempa jirani, kwa sababu yogi hajilimbikizii vitu, na zile kelele za tamthilia zilikuwa zinaharibu utulivu wa nyumba. Nalala sebuleni kwenye mkeka, maana nimejifunza kwamba nguvu za mwili zinatakiwa kuhifadhiwa. Harusi na vikao vya ukoo nimevipunguza, naona watu wanapoteza muda tu.

Mke wangu hanielewi. Anasema anaishi na mpangaji asiyelipa kodi. Kila siku ananidai runinga yake. Alfajiri nikiwa nimefumba macho ananigongea masufuria makusudi. Mama yangu yuko Pangani, ameambiwa na watu kwamba nimekuwa Mhindu, analia kwenye simu. Sisi ni Waislamu. Sijaacha dini, ingawa kusema kweli swala ya alfajiri mara nyingine inanipita nikiwa katikati ya kutafakari.

Kazini nako hakukaliki. Bosi anataka thamani ya mizigo ishushwe kwenye ankara ili ushuru upungue, wateja wanapiga kelele. Lakini huko yoga inanisaidia sana: navuta pumzi ndefu, naandika anachotaka, najiambia haya yote ni ya dunia tu, yanapita.

Nafikiria kuacha kazi niende Rishikesh, India, mwaka mzima, niishi ashram, yaani makazi ya watawa na wanafunzi wao. Kuna akiba ya milioni saba tuliyokuwa tunaiweka kwa ajili ya kupaua nyumba yetu Chanika. Je, mtu anaweza kuwa yogi huku ana mke, watoto na bosi, au lazima nichague moja?

Yogi wa Tabata

*

Marahaba mwanangu,

Kwenye masufuria nilicheka. Nilipofika kwenye ankara nikaacha kucheka. Tutafika huko.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu aliyelijibu zamani alikuwa mhasibu kama wewe. Anaitwa Shyama Charan Lahiri, wanafunzi wake walimwita Lahiri Mahasaya. Alizaliwa Bengal, India, mwaka 1828, akaishi mji wa Banaras, na mshahara wake ulitoka serikali ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala India wakati ule: alikuwa karani wa hesabu katika idara ya uhandisi wa kijeshi. Mwaka 1861 kazi ilimpeleka Ranikhet, huko milimani Himalaya, na huko, kama wanafunzi wake wanavyosimulia, akakutana na mwalimu aliyemfundisha kriya yoga, ile ya pumzi na kutafakari. Lahiri akataka abaki palepale mlimani. Alikuwa ameonja utamu, kama wewe. Mwalimu akakataa. Akamwambia arudi kwa mke wake na kwenye meza yake ya kazi, ili watu wenye familia waone kwamba njia hii ni yao pia.

Akarudi. Akaendelea kufanya hesabu za serikali hadi alipostaafu kwa pensheni mwaka 1886, na muda wote huo alikuwa anafundisha sebuleni kwake, watu wakija jioni baada ya kazi zao. Alifariki mwaka 1895 akiwa nyumbani kwake mjini. Ukienda leo kwenye vituo vingi vya yoga duniani vinavyofundisha kriya, picha yake utaikuta ukutani.

Wala si yeye peke yake. Krishnamacharya, aliyefundisha kwenye kasri la Mysore miaka ya 1930 na ambaye mikono yake imegusa nusu ya mikao unayofanya Upanga kila Jumamosi, alikuwa na mke na watoto sita. Kabla ya kasri alifanya kazi kwenye shamba la kahawa ili familia ipate kula. Iyengar na Pattabhi Jois, wanafunzi wake wawili waliosambaza mambo hayo duniani, nao walioa, wakazaa, wakasomesha.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, inawezekana. Ila sidhani kama hilo ndilo lililokufanya uandike. Uliandika ili Shangazi akupe ruhusa ya kwenda zako.

Wewe unasema umeisoma Gita. Basi unakumbuka inavyoanza. Shujaa Arjuna amesimama katikati ya uwanja wa vita, ameona ndugu zake upande wa pili, miguu imelegea. Anaweka upinde chini, anasema bora aishi kwa kuombaomba chakula kuliko kupigana vita hii. Mtu huyo anataka kuwa mtawa pale pale! Krishna, mungu anayemwendeshea gari lake la vita, angeweza kumwambia hongera, twende msituni. Badala yake sura zote zinazofuata ni za kumrudisha kwenye kazi iliyo mbele yake, aifanye bila kung'ang'ania matunda yake na bila kuikimbia. Nashangaa uliisoma hadithi hiyo ukatoka nayo na tiketi ya Rishikesh.

Sasa ankara.

Patanjali amepanga yoga yake kwa viungo vinane. Mikao ambayo wewe unaamka saa kumi kuifanya ni kiungo cha tatu, na pumzi ni cha nne. Katika sutra zake 196, yaani vifungu vyake vifupi, ni tatu tu zinazoizungumzia mikao, ya kwanza ikisema mkao uwe thabiti na wa raha, basi. Cha kwanza kabisa ni yama, mambo matano ya jinsi unavyoishi na watu: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kujizuia, kutojilimbikizia. Na akayawekea nyongeza ambayo wasomaji wengi wanairuka: kwamba haya ni nadhiri kubwa, hayabadiliki kwa mahali, wala wakati, wala hali uliyonayo. Yaani hakuna mahali Patanjali ameandika "isipokuwa ofisini".

Wewe unakaa mbele ya kompyuta, ankara ya muuzaji inaonyesha bei moja, bosi anataka nyingine, unavuta pumzi ndefu, unaandika uongo. Kisha unaniambia yoga inakusaidia sana. Mwanangu, yoga ilikuponya mgongo, sasa umeigeuza dawa ya kuinyamazisha dhamiri. Yale maudhi unayoyasikia tumboni bosi anaposema "shusha hapo" yana maana yake. Unayatuliza ya nini? Hayo ndiyo yaliyo hai ndani yako kuliko mkao wowote.

Tuache hata vitabu vya India. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inahesabu tamko la uongo kuwa kosa la jinai. Siku wakaguzi wa mapato wakifungua mafaili, jina lililopo kwenye mfumo ni la aliyeandika. Bosi atasema hajui. Na kama umesajiliwa na bodi ya wahasibu, NBAA, kule nako kuna kanuni za maadili ulizozikubali wewe mwenyewe.

Sikwambii ukaandike barua ya kuacha kazi kesho, una watoto. Nakwambia hivi: akikuletea nyingine, mwambie kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii siwezi kuiingiza, naweza kuingiza thamani iliyo kwenye ankara ya muuzaji." Usimhubirie. Usimtajie Patanjali, atakuona umerukwa na akili. Omba agizo lake liwe kwa maandishi, mara nyingi hapo hapo linakufa. Tunza nakala za ankara halisi. Anza kutafuta kazi nyingine kimyakimya, Dar es Salaam ina mawakala wa forodha wengi na si wote wanaofanya hivyo. Utaogopa. Usiku hutalala vizuri. Hapo pumzi zako zitumie, ziko kwa kazi hiyo: kukushikilia uweze kusimama kwenye kweli, si kukulaza usingizi ukiwa umeikanyaga. Huko ndiko utakakojua kama wewe ni yogi.

Runinga ni fupi. Ilikuwa ya nani? Umeandika mwenyewe kwenye kichwa cha shauri lako kwamba mkeo anaidai "yake". Kugawa kitu cha mwenzio bila kumuuliza, kwa Patanjali, hakuingii kwenye kutojilimbikizia, kunaingia kwenye ile nyingine ya kutoiba. Ukitaka kujinyima, jinyime cha kwako. Simu yako, kwa mfano, uliyoangalia zile video. Nenda kwa jirani ukamweleze ukweli, na kama hairudi, nunua nyingine kwa pesa yako ya mfukoni. Mama wa watoto akimaliza kuosha vyombo usiku ana haki ya tamthilia yake.

La sebuleni nalo. Huwa siandiki sana mambo ya chumbani kwa sababu wajukuu zangu wanasoma hapa, lakini hili siliachi. Brahmacharya, ile ya kujizuia katika yale mambo matano, kwa mtawa ni kutokugusa kabisa. Kwa mwenye ndoa, mafundisho ya kimila yanaichukua kama uaminifu na kiasi: umguse mkeo, usiguse wa wenzio. Gandhi alikula kiapo cha kujizuia kabisa mwaka 1906 akiwa Afrika Kusini, hilo ni kweli, lakini aliongea na mkewe kwanza na walikuwa tayari na watoto wanne. Wewe umebeba mkeka ukahamia sebuleni bila hata kikao cha dakika tano. Kwa dini yenu mkeo ana haki juu yako na unalijua hilo. Rudi chumbani leo. Mkizungumza, mkakubaliana mambo mengine, hayo ni yenu.

Halafu yale masufuria. Unasema anayagonga makusudi. Mtoto wa darasa la tatu na wa chekechea, gari la shule linapiga honi saa ngapi Tabata? Saa kumi na mbili, kama si kabla. Hayo si makusudi mwanangu, ni uji wa watoto. Mwanamke anachemsha uji, anatafuta soksi, anapiga pasi sare, anasaini daftari la kazi ya nyumbani, na baba yao yuko hatua tatu pale, mzima wa afya, macho yamefumbwa, anatafuta amani. Kutodhuru ndiyo ya kwanza katika ile orodha ya mambo matano. Umemwacha ng'ombe na dagaa salama, ukamsahau huyu.

Kwa hiyo saa zako lazima zipungue. Ukiamka saa kumi na nusu, una nusu saa nzuri ya pumzi na kukaa kimya. Adhana ikilia, unaswali. Baada ya hapo uwe jikoni au kwenye sare za watoto mpaka gari la shule liondoke. Mikao ya mgongo, robo saa jioni ukirudi inatosha: mgongo uliokaa kutwa unaihitaji zaidi jioni kuliko alfajiri, na dakika tano za mwisho ulale chali kwenye mkao wa maiti huku watoto wakikuruka juu. Jumamosi nenda darasani kwako Upanga, ila siku moja moja mchukue mkeo. Patanjali mwenyewe anasema mazoezi yanashika mizizi yakifanywa muda mrefu, bila kukatika, kwa moyo. Hakusema ukae muda wa saa mbili na nusu kila siku. Gita nayo katika sura ya sita inasema waziwazi kwamba yoga haimfai anayekula mno wala asiyekula, anayelala mno wala anayekesha.

Na hapo chakula nimekimaliza nusu. Kuacha nyama ni uamuzi wako, sina neno. Maharage, kisamvu cha karanga, mlenda, kunde, wali wa nazi, nani atakufa njaa pwani hii? Ila usiache kunywa maziwa au kula mayai, maana kuna vitamini ya damu na neva, B12, ambayo majani na nafaka hayana. Lakini vitunguu, mwanangu! Gita inasema vyakula vikali na vya moto kupita kiasi huleta maumivu na maradhi, kitunguu haikukitaja kwa jina. Hiyo ni desturi ya baadhi ya madhehebu ya Kihindu. Usimfanye mkeo apike vyungu viwili kwa desturi isiyo yake wala yako. Ukiitaka sana, ingia jikoni upike chungu chako.

Mama yako kule Pangani ana hoja, sikiliza vizuri. Kutoa fatwa si kazi ya Shangazi, muulize shekhe unayemwamini. Ila ujue hukuwa wa kwanza kuliuliza swali hili. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliikataza kwa Waislamu yoga inayochanganya mazoezi, nyimbo za dua za Kihindu na ibada. Maulamaa wa Indonesia mwaka uliofuata wakakataza ile yenye ibada na mantra, yaani maneno ya dua yanayorudiwarudiwa, wakaiacha ile ya mazoezi ya mwili peke yake. Saudi Arabia mwaka 2017 ikairuhusu kama mchezo. Utaona kwamba kinachobishaniwa ni ibada, hakuna aliyegombana na mtu kunyoosha mgongo. Kama unatamka mantra, jiulize unamtamkia nani. Huyo Lahiri niliyekusimulia alikuwa na wanafunzi Waislamu, na inasimuliwa kwamba aliwataka washike swala zao tano kama kawaida. Mtu anaamka saa kumi, adhana inamkuta macho, na bado alfajiri inampita? Hata mwalimu wa yoga angekushangaa.

Usimweleze mama kwa simu. Panda basi Ijumaa, umkute nyumbani, uswali naye, ule alichopika. Kama ni samaki, basi kula mchuzi na wali. Akikuona unafanana na mwanawe, nusu ya maneno ya watu yatakufa yenyewe. Na vikao vya ukoo rudi, wewe ndiye mwenye kalamu ya michango, najua wanakutafuta.

Sasa Rishikesh. Katika utaratibu wao wenyewe wa kale maisha yana hatua nne: mwanafunzi, mwenye nyumba, mkaa msituni, kisha mtawa. Sheria za Manu, kitabu chao cha kale cha sheria, zinasema mwenye nyumba aende msituni atakapoona mikunjo usoni, mvi kichwani, na watoto wa watoto wake. Wewe mwanao yuko chekechea! Na zinasema pia kwamba hizo hatua nyingine tatu zote zinalishwa na mwenye nyumba. Hao watawa wa Rishikesh wanakula kwa sababu kuna mhasibu mahali fulani aliyekwenda kazini.

Milioni saba ni za bati na mbao za Chanika, na ni za watu wawili. Usiziguse. Lakini sikukatazi kuuona mto Ganga unaopita hapo Rishikesh. Sheria ya kazi inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Weka pesa yako pembeni kidogo kidogo, mwaka kesho au wa pili yake omba ruhusa nyumbani, nenda wiki mbili. Chagua ashram ya kukaa na kunyamaza, maana mji ule siku hizi umejaa kozi za saa 200 za kutengeneza walimu, utarudi na cheti cha kuning'iniza na mgongo umeumia upya kwa kulazimisha kusimama kwa kichwa.

Mkeo mpe barua hii aisome, yote, hata pale nilipokusema. Akiwa na la kujibu aniandikie, nafasi yake wiki ijayo nimeiweka.

Shangazi